Swichi Inayokata Stima Bafuni

Hapa Tuala wengi tunatumia maji ya visima virefu, na mengine yana chumvi. Chumvi hula koili ya shawa ya stima, basi stima huvujia majini. Ndipo ile swichi ya usalama hujikata. Sisi tulichoka nayo, tukamwambia fundi airuke. Lo, kosa hilo! Swichi ile hukata stima ikivuja miliampia 30 tu, na stima ya nyumbani ni volti 240. Tulipofungua shawa, koili imepasuka. Swichi haikuwa mbovu! Siku hizi kila mwezi twabonyeza kile kitufe chake cha kujaribia. Isipojikata, ndiyo imekufa. Tunaoga maji baridi mpaka ibadilishwe. Tena ule waya wa kijani na manjano uende ardhini. Wengine huukata, ati hauna kazi.