Sahihi ya msaada na sahihi ya utafiti



Tuliombwa tuseme juu ya kujitolea kwa utafiti wa moyo wenye kupiga ovyo. Wengi wanauliza: "Wanataka kutufanya panya wao?" Swali ni nzuri. Nyinyi mliorudi mumezoea kuandikwa na watu kama siye: jina kwa unga, jina kwa mbegu, jina kwa bashi. Kwa hiyo karatasi ya utafiti inaonekana kama liste ingine. Hapana. Ukikataa, unga wako unabaki. Wafadhili, tunawaomba hapa mbele ya wote: musifunge mambo haya mawili pamoja.

Sasa, kwa nini mutu akubali? Mtoto akiumwa koo bila dawa, inaweza kuleta homa ya viungo, nayo ikaharibu vali za moyo. Miaka mingi baadaye moyo unapiga bila mpango, damu inaganda ndani, bonge linapanda kwenye ubongo, mutu anapooza upande mmoja. Kuna dawa ya zamani, ya aina ya warfarini, yenye kutaka damu ipimwe mara kwa mara. Ikaja mpya, rivaroksabani, isiyohitaji kupima hivyo. Lakini majaribio makubwa ya dawa mpya yaliwaacha nje wagonjwa wenye vali iliyobanwa sana. Ndipo utafiti wa INVICTUS ukawaita wenyewe: watu 4,565 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wamama. Majibu yalitoka 2022. Waliokunywa dawa mpya walikufa 552. Ya zamani, 442. Watafiti wenyewe hawakutazamia hivyo! Bila hao waliokubali, nani angejua?

Basi wakikuja kwako, uliza. Watachukua nini mwilini mwangu? Nani atanitunza dawa ikinidhuru? Transporti ni ya nani? Komite gani ya maadili iliruhusu? Karatasi isomwe kwa Kiluba kama Kifaransa kinakushinda, uende nayo nyumbani, ulale nayo. Na hata ukiisha kutia sahihi, una haki kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu.

Kwa wenye kunywa warfarini tayari: musiache peke yenu. Sombe na matembele vinaigusa dawa hiyo. Kuleni, lakini kipimo kilekile kila juma, na munganga ajue.

Tusikie maswali.