Mzee, Usitupe Cheti

Wazee wetu mliopigana Vita vya Kagera, mnaotusikiliza Tabora mjini, Kwihara na kandokando ya njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji, leo tuzungumzie makosa ya tiba.

Mnakumbuka ya Muhimbili mwaka 2007? Pale MOI, taasisi ya mifupa, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Basi usiambiwe ni kazi ya Mungu ukanyamaza.

Ila hospitali ikiwa ya serikali, hukurupuki tu mahakamani. Kwanza unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo unafungua kesi Mahakama Kuu. Dai la uzembe lina ukomo wa miaka 3, na hapo ndipo wengi hukwama. Baraza la Madaktari Tanganyika humwajibisha daktari. Lakini fidia huamuliwa na mahakama.

Huna hela ya wakili? Ulizia msaada wa kisheria wa bure kwenye halmashauri yako. Na ile karatasi ya hospitali iliyochakaa mfukoni mwa koti, mzee, usiitupe; ndiyo ushahidi wako. Leo jioni mwite mjukuu akuandikie tarehe uliyopasuliwa.