Betri Itunzwe, Taarifa Zifike: Hotuba kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii



Tangu mwaka 2023, madaftari ya kutembelea kaya yamekuwa yakihamia kwenye simu kupitia mfumo wa eCHIS. Mhudumu anapofika kwa mama mjamzito na kuona dalili za hatari, hujaza rufaa kwenye simu papo hapo. Mfumo huo umeundwa ufanye kazi hata mahali pasipo na mtandao: taarifa hukaa ndani ya simu ikisubiri kutumwa. Hapo ndipo penye jambo la leo. Taarifa iliyo ndani ya simu bado haijafika kituoni. Simu ikizima au ikiizuia programu kutuma, mhudumu amemwona mama huyo, lakini kituo hakina habari.

Ukimuuliza mtengenezaji wa programu za simu kwa nini taarifa huchelewa, mara nyingi naye atakuuliza kwanza: je, programu hiyo imewekewa vizuizi vya betri?

Vizuizi hivyo vina sababu nzuri. Zamani programu nyingi za Android zilikuwa zikiamka zenyewe na kutafuta mtandao huku mwenye simu amelala, na asubuhi betri imekwisha. Mwaka 2015, toleo la Android 6 lilileta utaratibu wa kuilaza simu. Ikikaa bila kuguswa, kioo kimezimwa na haiko kwenye chaji, programu huruhusiwa kutumia mtandao kwa vipindi vifupi tu. Mwaka 2018, Android 9 ikaanza kupanga programu kwa makundi kulingana na matumizi. Inayofunguliwa kila siku hupewa nafasi kubwa. Inayofunguliwa mara moja moja huwekwa nyuma ya foleni. Baadhi ya kampuni za simu huongeza vizuizi vyao vilivyo vikali zaidi.

Watengenezaji programu wengi wanakubali kwamba bila vizuizi hakuna betri itakayomaliza siku. Wanacholalamikia ni kwamba simu haiwezi kujua ipi ni programu ya kazi na ipi ni ya burudani. Kwake, rufaa ya mama na mchezo wa mpira ni sawa. Mwenye simu ndiye anayepaswa kuiambia.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, ingieni kwenye mipangilio ya simu, tafuteni programu ya kazi, kisha fungueni sehemu ya betri. Ondoeni kizuizi kwa programu hiyo peke yake. Nyingine ziacheni zizuiwe. Pili, fungueni programu ya kazi kila siku, hata siku ambayo hamkutembelea kaya. Tatu, mkifika penye mtandao, ifungueni na msubiri hadi ioneshe kwamba taarifa zote zimetumwa, ndipo muirudishe simu mfukoni. Nne, msiisimamishe programu hiyo kwa nguvu kupitia mipangilio. Programu iliyosimamishwa hivyo haitaamka yenyewe wala kutoa kikumbusho hadi muifungue tena.

Kuna mazoea ya kufunga programu zote kila dakika kwa kuamini kwamba betri itadumu. Faida yake ni ndogo, na mara nyingine hakuna. Kuianzisha programu upya kila mara hutumia nguvu zaidi kuliko kuiacha imetulia. Kinachokula betri sana ni mwanga mkali wa kioo, video, na simu kuhangaika kutafuta mtandao mahali ulipo hafifu. Punguzeni mwanga. Mkiwa katika bonde lisilo na mtandao kabisa, wekeni hali ya ndege, mjaze taarifa, kisha muiondoe mkifika mlimani.

Sasa betri yenyewe. Betri za simu za leo ni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Ushauri wa kuimaliza betri hadi izime kabla ya kuchaji ulitokana na betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu, ushauri huo unadhuru. Betri ya lithiamu hupenda kukaa katikati: ichajiwe ikikaribia asilimia 20, na kwa siku za kawaida si lazima ipite 80. Siku ya safari ndefu, ijazeni bila wasiwasi. Kuchaji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku hakuiharibu.

Adui mkubwa wa betri ni joto. Kampuni nyingi za simu hushauri simu itumike penye joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Sehemu kama Lodwar, Garissa na Mandera, joto la mchana hupita hapo mara kwa mara hata kivulini. Kwa hiyo msiiache simu juani pamoja na paneli ya sola. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini kwa waya. Msiichaji chini ya mto wala ndani ya mkoba uliofungwa. Ikipata moto mkononi, itoeni kwenye chaji na kwenye kasha lake ipoe kwanza. Msiitie kwenye friji, kwa maana unyevu utaingia ndani.

Betri ikivimba hadi kifuniko kuinuka, acheni kuitumia na kuichaji. Msiitoboe, msiibonyeze, na msiitupe jikoni, chooni wala kwenye shimo la taka, kwa sababu inaweza kuwaka moto. Ipelekeni simu hiyo kwa msimamizi wenu. 

Nyinyi ndio mnaowaambia wazazi kila siku kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Simu nayo ni hivyo. Betri iliyotunzwa hudumu zaidi, lakini betri iliyojaa haina maana ikiwa rufaa imekwama ndani yake.

Kabla ya kutoka ukumbini, kila mmoja afungue mipangilio ya simu yake sasa hivi na kukagua programu ya kazi. Aliyeona kizuizi akiondoe. Asiyejua pa kubonyeza amwombe jirani yake amwelekeze, na aliye na taarifa zilizokwama azitume akiwa bado hapa penye mtandao.