Kisiwa cha Kupumzikia: Namna ya Kukichagua na Kukifikia

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani kuwa ni la wageni tu, yaani kwenda kupumzika siku chache katika nyumba iliyo mbali, kisiwani.

Sisi watu wa Muleba hatuna haja ya kwenda nchi za ng'ambo kutafuta visiwa. Asubuhi ikiwa safi, mtu akisimama juu ya vilima vyetu vinavyotazama Ziwa Victoria, aviona visiwa vimetandazwa mbele yake. Kiko Bumbire, ambacho ni kikubwa, kiko Ikuza, na huko mbali zaidi kiko Goziba. Hata watu wa Bukoba wakikaa ufukoni mwao wakitazama Musira, kisiwa hicho ni kama kimewekwa mlangoni pao. Walakini kuona si kufika, na kufika si kurudi. Watu wengi huchagua nyumba kwanza, ndipo wakauliza njia. Sisi twasema kinyume chake: chagua njia kwanza, na katika njia hiyo anza na ile ya kurudi.

Lakini kabla ya yote, yafaa mtu ajiulize anakwenda kutafuta nini. Katika jamaa yetu tulikuwa watu sita: sisi walimu wawili, watoto watatu, na mama yetu mzee. Watoto walitaka kwenda Rubondo, nao hawakukosa sababu. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Huko yuko nzohe, mnyama wa vinamasi. Wako viboko na mamba. Na wako sokwe ambao wazee wao waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969, wakaachwa huru msituni. Wageni hupata vibanda vya kulala vya hifadhi. Kutoka Muleba mtu hufuata barabara ya kusini kupita Kyamyorwa, akaingia wilaya ya Chato, na kutoka Muganza akavushwa kwa mashua. Kwa mtu atakaye wanyama na kimya cha msitu, hapo ndipo mahali pake.

Mama yetu hakutaka wanyama. Yeye alizaliwa Bumbire, akaondoka huko alipokuwa msichana, alipoolewa bara. Alituambia maneno machache: "Wanangu, nataka kulala kwetu siku chache, miguu yangu ikingali inakubali kupanda chomboni." Neno hilo lilimaliza shauri. Watoto wakaambiwa kwamba sokwe wataendelea kuwako, bali siku za bibi zina hesabu. Basi tulichagua Bumbire.

Hapa twataka kuondoa dhana moja. Mtu asidhani kwamba kisiwa kikiwa mbali ndipo kitakuwa na kimya. Visiwa vyetu vingi vina makambi ya wavuvi, na penye samaki pana watu, pana biashara, pana mashine za umeme na muziki hata usiku wa manane. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika giza; mbalamwezi ikiwa kali, taa zao hazina kazi, nao hupumzika. Kwa hiyo atakaye kisiwa na aitazame kalenda ya mwezi. Siku za giza atakuta mchanga wote umefunikwa dagaa wanaoanikwa, na harufu yake haina mlango wa kufungwa. Siku za mbalamwezi atakuta wenyeji wana nafasi ya kuzungumza, na mwenye chombo hana shughuli nyingi.

Sasa tuje kwa majira. Sisi walimu na wanafunzi likizo zetu ni mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, nazo kila moja ina shida yake. Mwezi wa Juni mvua ya masika imekwisha, njia ni kavu, lakini upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Ziwa letu ni kubwa kuliko yote ya Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Upepo ukisafiri juu ya maji mapana namna hiyo, huyakusanya mawimbi na kuyaleta mpaka kwetu upande wa magharibi, nayo si mawimbi ya kuchezewa. Mwezi wa Desemba kusi imepungua, lakini mvua za vuli zaweza kuwa hazijakoma, na radi zingali zinakuja.

Tena kuna jambo la saa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa hutoka pande zote za nchi kavu ikaelekea ziwani, hukutana huko, hupanda juu, na kufanya mawingu ya radi. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuja upande wetu. Ndiyo sababu sisi wa ukingo wa magharibi huamshwa mara nyingi na ngurumo za alfajiri, wakati watu wa mahali pengine wangali wanaota ndoto. Mchana upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na maji huanza kuchafuka. Kwa hiyo saa njema ya kuvuka, aghalabu, ni asubuhi: mbingu ikiisha kutazamwa, na upepo wa mchana ukiwa haujaamka. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza habari za upepo na mawimbi ya ziwa. Mtu na asikilize tangazo hilo, kisha akamwulize mvuvi mzee wa mahali hapo. Wakipatana, avuke, wakikosana, angoje.

Hata katika nchi za Ulaya mambo ni hayo hayo. Magharibi ya Uskoti kiko kisiwa kiitwacho Jura. Mwaka 1946 mwandishi Mwingereza George Orwell alikwenda kukaa huko katika nyumba iitwayo Barnhill, iliyo mbali sana na majirani, ili apate utulivu wa kuandika. Nyumba ilimpendeza, na kitabu alichokiandika humo kilitoka mwaka 1949 kikasomwa ulimwenguni pote. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 1947, akirudi kwa mashua pamoja na mtoto wake mdogo na jamaa zake, waliingia katika mkondo wa Corryvreckan, mahali ambapo maji ya bahari huzunguka kwa nguvu. Mashine ya mashua iling'oka ikazama. Wakavuta makasia mpaka kijisiwa cha mawe, na hapo mashua ikapinduka. Wakasalimika, nao wakaokolewa na wavuvi wa kambakoche waliopita. Saa za maji kujaa na kupwa hazikuwa zimehesabiwa sawasawa. Ziwa letu halina kujaa na kupwa kama bahari, lakini tumekwisha kusema kwamba nalo lina saa zake, na asiyezijua hulipa.

Sasa twaja kwenye nyumba yenyewe. Kwa kuwa hapakuwa na hoteli ya kutufaa, tulituma salamu kwa ndugu wa mama, tukapewa habari za nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya kilima, ikitazama ziwa pande zote, na hewa yake nzuri mno. Lakini kuifikia kulitaka mwendo wa zaidi ya saa moja juu ya mawe, na kila ndoo ya maji ilipaswa kupandishwa kichwani. Ya pili ilikuwa nyumba ya bati ya vyumba viwili, karibu na mwalo, chini ya mwembe. Haikuwa na uzuri wa kusifiwa, lakini ilikuwa na choo safi, pipa la kukinga maji ya mvua, vyandarua visivyotoboka, na simu zilishika mtandao mlangoni. Sisi tulipendelea ya kwanza. Mama alipoambiwa alicheka, akasema, "Sendi kutazama ziwa, nimelitazama tangu kuzaliwa. Naenda kutazama watu." Basi tukachukua ya pili. Nayo ilitufaa, kwa maana mama anatumia dawa za shinikizo la damu, na mgonjwa hahitaji mandhari usiku. Ahitaji njia fupi ya kufikia chombo.

Tena twawaonya wazazi juu ya maji. Watoto wakiona mchanga mweupe hutaka kuoga mara moja. Wakumbuke kwamba kando ya ziwa, hasa penye majani na maji yaliyotulia, hukaa konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na mahali pengine wako mamba. Na maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana maangavu kama kioo.

Jambo jingine ni adabu ya mgeni. Watu wa Bumbire wanayo historia isiyosahaulika. Mwezi wa Aprili mwaka 1875 msafiri Stanley alifika hapo na mashua yake, iliyoitwa Lady Alice. Wenyeji wakaivuta mpaka pwani, wakayachukua makasia. Mabaharia wake wakakimbilia ziwani na kupiga kasia kwa mbao walizozibandua ndani ya mashua. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, Stanley alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi wenyeji waliosimama ufukoni, watu wengi wakafa. Yeye aliandika habari hizo katika vitabu vyake kwa namna yake. Wafu wa ufukoni hawakuandika kitu. Basi mgeni afikapo kisiwani asijifanye kwamba amevumbua mahali pasipo wenyewe. Aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, ataje jina lake na shughuli yake, na siku atakayoondoka. Hiyo ni heshima, tena ni usalama wake, kwa maana asiyejulikana kuwapo hatatafutwa akikosekana.

Tulivuka asubuhi tulivu kutoka mwalo mmoja wa Muleba, tukafika salama. Mama alikaa chini ya mwembe, na watu wakaja. Wa rika lake alimkuta mmoja tu, bibi aliyekuwa amepungukiwa na macho, ambaye alimtambua kwa sauti. Wale wawili walishikana mikono tangu asubuhi hata jua likawa kichwani, wakitaja majina ya waliokufa. Watoto wetu, ambao walikuwa wamenuna kwa ajili ya sokwe, waliketi kimya wakisikiliza.

Siku yetu ya kurudi ilikuwa Alhamisi, na kazi chuoni ilikuwa ianze Jumatatu. Alhamisi hiyo kusi ilivuma. Chombo kilikuwapo, lakini kilikuwa kimejazwa magunia ya dagaa, na juu ya magunia watu, na jaketi okozi zilikuwa chache kuliko watu. Nahodha alituita, "Walimu, pandeni, nafasi zipo!" Tukakataa. Baadhi ya abiria walitucheka, wakasema kwamba watu wa vitabu huogopa maji. Nasi twawaambia kweli: chombo kile kilifika salama, na waliotucheka walilala kwao usiku huo. Ijumaa upepo haukupungua. Tulivuka Jumamosi, katika chombo chenye nafasi, na kila mtu amevaa jaketi yake. Jumatatu tulikuwa kazini.

Huenda msikilizaji akauliza, kama chombo kilifika, hekima yenu ilikuwa na faida gani? Twamjibu hivi. Vyombo vingi vilivyojazwa kupita kiasi hufika, na kufika kwake ndiko kunakowafundisha watu kutojali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupita Kemondo, ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wetu wakafa. Ziko nyumba katika mkoa huu zisizokwisha kuomboleza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati ya Ukara kikiwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, wakafa zaidi ya 220. Vyombo hivyo navyo vilikuwa vimefika siku nyingi kabla ya siku ile.

Sisi tuliweza kukataa kwa sababu moja tu: tangu mwanzo tulikuwa tumeweka siku za akiba. Mwenye kurudi siku ya mwisho ya likizo hana uhuru. Upepo uvumapo, kazi yake humsukuma chomboni. Mwenye akiba ya siku mbili, na unga na dawa za siku mbili, na fedha kidogo mfukoni, huyo aweza kuliambia ziwa, "Nitangoja." Wazee walisema, kawia ufike.

Basi, wasikilizaji, mkitaka kwenda kisiwani kupumzika, kumbukeni maulizo haya. Nani ataturudisha, na kwa chombo gani? Tuna siku ngapi za akiba? Tutavuka saa ngapi? Maji, choo na chandarua vikoje? Nani huko ajua kwamba tunakuja? Yakiisha kujibiwa hayo, ndipo mwulize kama nyumba yatazama ziwa.

Twawatakia safari njema. Kwaherini.