Vyombo Vilivyobaki Ndani: Mali ya Mwenye Nyumba wa Zamani Mbele ya Sheria



Mtu akinunua nyumba Kololo, Kampala, akakuta kabati limejaa sahani, huuliza: na hivi je, ni vyangu? Ikiwa mkataba umetaja ardhi na jengo tu, si vyake. Kilichojengewa ukutani huenda na nyumba. Nguo, picha na meza hubaki vya muuzaji mpaka aseme havitaki.

Kampala inalijua jambo hili kwa uchungu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na familia ikaruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi. Baadaye iliundwa Bodi ya kusimamia mali zao. Wanajeshi na wale walioitwa mafuta mingi, yaani matajiri wapya, wakagawiwa maduka na nyumba. Serikali ilizihesabu mali hizo kuwa zimeachwa. Kwangu hoja hiyo haisimami: anayeacha mali ni aliyekusudia kuiacha, si aliyefukuzwa.

Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982 ilibatilisha mauzo na ugawaji huo, ikaziweka mali chini ya Wizara ya Fedha, na wenyewe wakapewa nafasi ya kuomba kurudishiwa au kulipwa fidia. Cheti cha waziri kiliwarudishia wengi ploti zao. Lakini cherehani, vyombo vya jikoni na albamu za harusi havikuwa na hati wala namba ya ploti; nani angevidai, na kwa ushahidi gani? Hata majengo yenye hati bado yana utata: mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa ikiichunguza Bodi hiyohiyo.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Kanuni ya Adhabu haimhesabu mwizi aliyeokota kitu kilichopotea ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu ya kuamini hawezi kupatikana. Mnunuzi wa nyumba atajitetea vipi kwa hilo? Jina la muuzaji limo kwenye mkataba, na mara nyingi simu yake pia.

Basi aorodheshe vitu mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, avipige picha, kisha amwandikie muuzaji na kumpa muda wa kutosha kuvichukua. Wakati huo avitunze, asivitumie. Muuzaji akiwa amefariki, barua iende kwa msimamizi wa mirathi. Bunduki ikikutwa, ipelekwe polisi siku hiyohiyo. Kitu cha thamani kisipopata mwenyewe, amri ya mahakama itangulie mnada.

Haya yote huepukwa kwa sentensi moja ambayo madalali wetu, sijui kwa haraka gani, huiruka: kwamba vitu vitakavyokutwa ndani siku 30 baada ya funguo kukabidhiwa vitakuwa vya mnunuzi. Iandikwe kabla ya malipo ya kwanza, na muuzaji aitie sahihi.