Taa Tatu kwenye Kompyuta ya Daktari

Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands kuhusu akili unde katika huduma za afya



Mgonjwa anayeingia kliniki na joto mwilini na kichwa kinachogonga mara nyingi huwa ameshajipima mwenyewe nyumbani. Anakaa kwenye kiti na kusema, "Daktari, nina malaria na taifodi." Yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayeagiza chai na mandazi. Lakini Nairobi iko nyanda za juu na malaria huambukizwa hapa kwa nadra. Wengi wanaopatikana nayo wameileta kutoka safari ya Kisumu, Busia, Kakamega au Pwani. Kwa hivyo swali moja dogo, "Umesafiri wiki chache zilizopita?", linaweza kugeuza matibabu yote. Nacho kipimo cha taifodi kinachofanywa kwenye vyumba vingi vya maabara mitaani, kile kiitwacho Widal, kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiye nao. Anapewa antibiotiki za bure, yaani za bure kwa maana ya kutokuwa na kazi, maana pesa atalipa. Ugonjwa halisi, labda nimonia au maambukizi ya mkojo, unaendelea ndani.

Swali la safari huachwa kwa sababu foleni imefika mlangoni. Katika kliniki nyingi za Eastlands anayekaa upande wa pili wa meza ni afisa wa kliniki, ambaye wengi humwita daktari. Kwa siku moja ataona mtoto mwenye kuhara, mama mwenye presha, kijana aliyeanguka na bodaboda na mzee mwenye kikohozi cha miezi miwili. Hakuna binadamu anayekumbuka kila swali la kila ugonjwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo akili unde imeingia, na jaribio kubwa la aina hiyo limefanyika hapa hapa Nairobi.

Mwaka 2025, Penda Health, shirika linaloendesha kliniki za watu binafsi katika mitaa kama Umoja na Pipeline, lilishirikiana na kampuni ya OpenAI ya Marekani, yenye kutengeneza ChatGPT. (Kulitaja shirika hili si kulipigia debe, ndilo lililofanyiwa utafiti.) Kliniki 15 zilihusika na ziara 39,849 za wagonjwa zikaangaliwa. Nusu ya wahudumu, kwa makadirio, walikuwa na msaidizi wa akili unde ndani ya kompyuta, na wengine walifanya kazi kama kawaida.

Msaidizi huyo haongei na mgonjwa. Husoma kile mhudumu anachoandika kwenye rekodi: dalili, vipimo, ugonjwa, dawa. Kisha huwasha taa. Kijani maana yake hakuna tatizo lililoonekana. Njano ni ushauri, mhudumu akitaka ausome. Nyekundu humsimamisha: lazima aangalie onyo kabla ya kuendelea, kwa mfano kwamba dawa aliyochagua haimfai mgonjwa huyu, au kwamba kipimo muhimu kimerukwa. Uamuzi wa mwisho unabaki kwa mhudumu. Anaweza kusoma onyo na kulikataa.

Kisha madaktari 108, baadhi yao wa Kenya, walipewa rekodi za ziara 5,666 wazipitie bila kuambiwa ni zipi zilizokuwa na msaidizi. Makosa ya kutambua ugonjwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 upande wenye akili unde, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13. Asilimia hizo zisomwe vizuri. Hazisemi kwamba watu 16 kati ya 100 waliponywa na mashine. Zinasema kwamba pale ambapo wahudumu wasio na msaidizi wangefanya makosa 100 ya kutambua ugonjwa, wenye msaidizi walifanya karibu 84. Ni mengi bado, lakini yale 16 yaliyotoweka ni watu, na pengine mmoja wao ni jirani.

Namba inayostahili kukaliwa zaidi, hata hivyo, ni nyingine. Makosa ya kuchukua historia, yaani maswali ambayo yangepaswa kuulizwa na hayakuulizwa, yalipungua kwa asilimia 32, maradufu ya yale ya kutambua ugonjwa. Mashine iliyotengenezwa kwa teknolojia ya kisasa kabisa ilisaidia zaidi katika jambo la zamani kabisa katika utabibu: kumuuliza mgonjwa. Na wahudumu waliokuwa nayo walianza kubadilika. Kadiri wiki zilivyopita, rekodi zao zilikuwa na makosa machache hata kabla ya taa kuwaka, kwa sababu walishajua itauliza nini.

Haikuwa rahisi hivyo tangu siku ya kwanza. Mwanzoni onyo jekundu lilipuuzwa mara nyingi, na ziara nyingi ziliisha taa ikiwa bado nyekundu. Ilibidi wasimamizi wakae na wahudumu mmoja mmoja, wawaonyeshe kwa nini onyo lina maana, na wawapongeze waliolitumia vizuri. Kununua kompyuta ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Kituo chochote, cha umma au cha binafsi, kitakachoweka programu kama hiyo na kuiacha hapo kitapata taa nzuri za rangi tatu na si zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya teknolojia hulipitia haraka. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, hapakuonekana tofauti ya uhakika kati ya makundi mawili. Magonjwa mengi yanayoletwa kliniki hupona yenyewe, na ni vigumu kuona faida kwa muda mfupi. Hakuna madhara yaliyobainika kusababishwa na ushauri wa mashine, na hiyo ni habari njema. Lakini yeyote atakayewaambia kwamba akili unde imethibitishwa kuokoa maisha Umoja amekimbia mbele ya ushahidi. Na mashine haiongezi kitanda Mama Lucy Kibaki, wala muuguzi wa usiku Pumwani.

Sasa lugha. Mkazi wa Dandora akisema "nina homa" huenda anamaanisha mafua tu, wakati kitabuni homa ni joto la mwili. Akisema "tumbo inaniuma", inaweza kuwa tumbo la chakula au tumbo la uzazi, na kwa mama mjamzito tofauti hiyo ni kubwa mno. Jacaranda Health, shirika lililoanzia Nairobi, huwatumia akina mama wajawazito na waliojifungua ujumbe mfupi wa simu bila malipo kupitia huduma yake ya PROMPTS, nao wanaweza kuuliza maswali kwa maneno yao. Akili unde hupanga maswali hayo na kutanguliza yenye dalili za hatari ili yashughulikiwe na wahudumu wa dawati la msaada. Shirika hilo lilifunza hata modeli ya lugha kwa Kiswahili, ikaitwa UlizaLlama. Mama anayevuja damu, hata hivyo, asingoje jibu la simu, aende hospitali.

Na mashine zote hizi hula chakula kimoja, yaani data, ambayo nyingi huanzia mlangoni kwa mkazi. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kuandikia. Anapobisha hodi na kuuliza nani ana kikohozi, nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, majibu hayo ndiyo yanayoonyesha ni mtaa gani chanjo imebaki nyuma. Akipewa jibu la kumwondoa tu mlangoni, ramani inapotoka. Vivyo hivyo anayetibiwa kwa jina la ndugu yake kwa sababu ndugu ndiye aliyelipia SHA anaacha sukari yake au mzio wake kwenye rekodi ya mtu mwingine. Siku ndugu huyo atakapoumwa, taa itawaka au kuzimika kwa habari zisizo zake.

Wengi wana wasiwasi kuhusu siri, na wana haki. Mwenye matokeo ya kipimo cha virusi vya ukimwi hataki yajulikane kwa mwenye nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mgonjwa anaweza kuuliza habari zake zinatumiwaje, kuomba kuziona, na kudai zilizo na makosa zisahihishwe. Tena sheria hiyo inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Kwa hivyo si utovu wa adabu kumuuliza mhudumu, "Kompyuta yako inakushauri? Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Mwendapo kliniki, bebeni dawa mnazotumia au pakiti zake, zikiwemo za kemisti na za mitishamba. Semeni mlikosafiri hata kama hamjaulizwa. Tajeni mzio na ujauzito. Yule ambaye rekodi yake imefichuliwa au kutumiwa bila ruhusa aanze kwa msimamizi wa kituo, na asiposikizwa apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo iko hapa Nairobi.