Kijana Haumwi? Bima ya Mwanafunzi na Mwaka Unaofuata Mahafali

(Mhadhara wa umma uliotolewa Rusimbi, Kigoma)



Kila vyuo vinapofunguliwa naisikia hoja ileile, na siku hizi hata wasomi wenzangu wanaitetea: kijana haumwi, basi bima ya afya iwe hiari yake. Shilingi 50,400 anazolipa mwanafunzi kwa mwaka zinawatibu wazee wasiomhusu, wanasema. Aachwe achague mwenyewe. Nitaipinga kwa urefu, kwa sababu hoja hii inaumiza watu.

Historia ya mfuko unaopokea fedha hiyo, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), mnaijua: sheria ya 1999, kazi kuanza 2001, watumishi wa umma kwanza. Tusikae hapo.

Si kweli kwamba kijana haumwi. Aliyewahi kushinda hospitali ya Maweni na mgonjwa wake ameona ni rika gani linaloletwa na majeraha ya bodaboda. Malaria ya mwambao huu haiulizi cheti cha kuzaliwa. Kidole tumbo, selimundu, uchungu wa uzazi: yote haya humkuta mtu akiwa bado na daftari mkononi.

Lakini tuwakubalie kwamba vijana wengi ni wazima. Hapo ndipo hoja yao inapovunjika kabisa. Itazameni Toto Afya Kadi, bima ya watoto. Mchango wake ulikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, sawasawa na wa mwanafunzi, na mfuko ni uleule wa NHIF. Tofauti ilikuwa mlango wa kuingilia: mwanafunzi aliingia na wenzake wote wa chuo, mtoto aliingizwa mmoja mmoja, mzazi alipotaka. Wazazi wengi walitaka mtoto alipokwisha kuugua. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule. Utaratibu wa vyuo uliendelea. Anayetaka hiari kwa wanafunzi anieleze kwa nini kwao mambo yangekwenda vingine.

Niruhusuni nikae kidogo Igunga, wilaya ninayoirudia kuliko zote katika somo hili. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa umeanza 1993, na mgonjwa alilipa papo kwa papo. Mwaka 1996 Igunga ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF): kaya ichange mara moja kwa mwaka, na serikali iongeze kiasi kilekile, tele kwa tele. Nalipenda jaribio lile kwa sababu lilianzia kwa mkulima asiye na mshahara wa kukatwa. Lilimwamini kwamba anaweza kulipia ugonjwa usiofika bado, na serikali ikaweka fedha yake kando ya ile ya mkulima. Sheria ya 2001 ikaupeleka mfuko huo nchi nzima. Kilichouchosha ni hiari: miaka ikapita, kaya nyingi zikabaki nje. Hata CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilijengwa juu ya kaya na iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtoto wa Rusimbi anayesoma Dodoma ameiacha kaya na mkoa pia.

Wapinzani wangu wana haki mahali pamoja: mwanafunzi mwenye kadi halali ya mzazi asitozwe mara ya pili. Zaidi ya hapo siwapi kitu. Bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi, la chakula na malazi linahesabiwa 10,000 kwa siku. Bima ya mwaka mzima ni siku tano na kidogo. Na anayesema mtu alipe taslimu akiumwa anijibu: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyumba ngapi za Kibirizi na Katonga zilikuwa na fedha taslimu za upasuaji?

Swali linalopuuzwa ni jingine: mhitimu anabaki na bima gani? Mpwa wangu alihitimu, kadi ikakoma, akarudi nyumbani kutafuta kazi. Kidole tumbo kilimshika usiku. Tulichanga kwenye simu, shangazi hili, mjomba lile, mpaka alfajiri, na huku daktari anasubiri. Miaka yote aliyolipa alikuwa mzima. Alipougua alikuwa hana chuo wala mwajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Mhitimu asiye na kazi ndiye atakayeipima.

Nimezipima hoja za hiari, na bado nasema iwe lazima, kwa pamoja, na ivuke mahafali. Hesabu yake ni hii: mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aongeze 16,800 kila mwaka. Akihitimu atakuwa amekwisha kulipa 50,400 nyingine, yaani mwaka mmoja kamili wa kadi. Wa stashahada ya miaka miwili aongeze 25,200. Ikusanywe siku ya usajili, dirisha lilelile, na atakayeajiriwa kabla mwaka huo haujaisha, salio lake lihamie kwa mhitimu ambaye bado anatafuta.